Chai ya Hadhi Huagizwa Jioni

Anayetaka kuwanywesha rafiki zake chai nzuri kesho asubuhi, Korogwe au Handeni, asiingoje kesho. Ashughulike leo, jua halijazama. Huo ndio ushauri wangu mkubwa, na mengi nitakayoyasema hapa yanatokana nao.

Nazungumzia mkusanyiko ambao siku hizi umekuwa wa kawaida kwetu. Watu watano, sita, pengine wanane, waliosoma pamoja au waliowahi kufanya kazi ofisi moja. Mmoja ametoka Dar es Salaam, wawili wametoka Arusha, mwenyeji wao ni wa Manundu au wa Chanika. Wamekuja harusini, au ni likizo ya Desemba, na jana yake ukumbini muziki haukuwapa nafasi ya kuongea. Sasa wanataka asubuhi moja tulivu, meza moja, vikombe vinavyofanana, na chakula kinachoonyesha kwamba mwenyeji wao amewaheshimu. Dar es Salaam mtu hufungua simu, akachagua hoteli, akakuta vyakula vimepangwa vinamsubiri. Katika miji yetu miwili hutakuta meza ya namna hiyo imekaa tu ikingoja apitaye. Lakini inaweza kuandaliwa, tena ikawa bora kuliko ya jiji, mradi jiko limepata habari mapema.

Sababu yake iko wazi ukijua jiko la hoteli ndogo linavyofanya kazi. Hoteli na gesti nyingi za hapa huuza chumba pamoja na kifungua kinywa. Mpishi huambiwa usiku kwamba vyumba kadhaa vimejaa, naye huandaa kwa hesabu hiyo: mayai kadhaa, chapati kadhaa, tikitimaji moja au mawili, chupa za chai. Hapiki ziada, kwa kuwa ziada ni hasara. Watu sita wasiolala pale wakitokea saa mbili na nusu bila taarifa, mhudumu hapendi kuwarudisha. Basi atamtuma kijana wa bodaboda akanunue mkate dukani, mayai yatakaangwa kwa haraka katika mafuta yasiyopata moto vizuri, na chai iliyokaa chupani tangu alfajiri itaongezewa maji. Wageni wataondoka wakisema mji huu hauna pa kunywa chai. Pa kunywa papo. Lililokosekana ni taarifa.

Na vyakula vyenyewe vya asubuhi, vile vilivyo vizuri hasa, huanza usiku. Mchele wa vitumbua hulowekwa usiku kucha ndipo usagwe na kuumuliwa. Mbaazi kavu zisipolowekwa hazilainiki kabla ya saa tatu, na mbaazi ngumu hazipokei tui. Kongoro inataka saa nne au zaidi juu ya moto wa taratibu mpaka mfupa uachie, kwa hiyo mwenye supu nzuri ya kongoro saa moja asubuhi amelibandika sufuria usiku. Kuku wa kienyeji aliyekomaa hawezi kuharakishwa. Mkate wa kumimina unahitaji muda wa kuumuka. Ukifika asubuhi ndipo useme unachotaka, umebakiwa na vile visivyohitaji usiku: mkate wa dukani, soseji, na yai la kukaanga. Ndiyo maana hoteli nyingi za miji midogo zinafanana asubuhi, na ndiyo maana nasema tofauti anaileta mteja.

Sasa, hadhi ni nini? Nimeona watu wakiipima kwa mapazia, kwa viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe na utepe, kwa leso za karatasi zilizokunjwa ndani ya glasi. Sivipuuzi. Mahali pasafi panapumzisha macho, na rafiki uliyemwita kutoka mbali anastahili kiti kisichotingishika. Lakini ukimtoa mtu Dar es Salaam ukamlisha soseji na maharage ya kopo, hujamfikisha popote. Hadhi ya meza ya Korogwe au Handeni ni vitu ambavyo yeye huko alikotoka huvipata vimechoka au havipati kabisa.

Vihesabu tu. Chai inalimwa juu yetu hapa, katika Usambara ya Magharibi, kwenye mashamba kama Ambangulu na Dindira ndani ya wilaya ya Korogwe, na ng'ambo yake katika Usambara ya Mashariki upande wa Amani. Mpunga unalimwa Mombo kwa maji ya mfereji. Nazi zinapanda kutoka Pangani na pwani ya Tanga. Machungwa ya Muheza na ya Handeni hujaa barabarani kuanzia katikati ya mwaka. Maembe yanakuja mwishoni mwa mwaka, wakati ambao pia plamsi na pichesi za Lushoto huteremshwa kwa matenga mpaka Mombo na Korogwe. Handeni kuna asali ya misitu na nyika, na kuna wafugaji, kwa hiyo maziwa ya asubuhi si tatizo. Mtindi wa Tanga Fresh, kiwanda cha jijini Tanga kinachokusanya maziwa ya wafugaji wadogo, unapatikana hata kwenye maduka ya kawaida. Mihogo ya Handeni ikichemshwa ikiwa mibichi, siku ileile iliyong'olewa, inapasuka yenyewe na kuwa kama unga. Magimbi yapo. Ndizi za mlimani zipo. Mwenyeji ambaye hakuyaomba haya mezani ameiacha nyumba yake ikae na njaa.

Basi jioni, kama saa kumi na moja, nenda mwenyewe. Simu inafaa kwa kuulizia kama wanapokea wageni wasiolala; mapatano yafanyike uso kwa uso. Nenda na mtu mmoja tu, si kundi zima, kwa sababu kundi likifika kila mmoja hutoa maoni na mpishi hashiki lolote. Anza na choo. Kama choo cha wageni ni kisafi jioni, baada ya kutwa nzima ya watu, jiko nalo lina msimamizi. Kisha tazama mahali pa kunawia: maji yanatiririka? Sabuni ipo au ni kipande kilichochubuka tu? Angalia upande jua linakochomoza. Baraza inayopendeza jioni inaweza kuwa tanuri saa tatu asubuhi, na Korogwe, bondeni pale kando ya mto Pangani, jua la asubuhi halina subira. Uliza spika ya muziki iko wapi na huwashwa saa ngapi. Hoteli nyingi zina televisheni sebuleni inayofunguliwa alfajiri na haizimwi mpaka usiku. Omba meza mbali nayo, au omba ipunguzwe sauti asubuhi hiyo. Mkiomba mapema kwa adabu mnakubaliwa. Mkiomba asubuhi mbele ya wageni wengine mnaonekana watu wa kujiona.

Halafu omba kuonana na mpishi. Wengi huishia kwa mtu wa mapokezi, na hapo ndipo mambo hupotea, kwa kuwa mapokezi huandika "watu 6, chai" kwenye karatasi, na mpishi anasoma hivyohivyo. Mara nyingi mpishi ni mama mtu mzima. Msalimie inavyopasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, kesho nina wageni wangu sita, wametoka Dar es Salaam. Nataka wale chakula chako, si cha dukani. Kesho ungependa kupika nini?"

Swali hilo la mwisho lina thamani kubwa. Usimpe orodha kwanza. Mwache aseme yeye anachokiweza na anachokipata sokoni. Mmoja atakwambia vitumbua, mwingine atakwambia supu ya kuku na chapati za kusukuma, mwingine mbaazi za nazi. Chakula ambacho mpishi amejitajia mwenyewe huwa hakiharibiki, kwa sababu ameweka jina lake hapo. Ndipo nawe uongeze: chai ya maziwa ichemshiwe jikoni na tangawizi, chai ya rangi iwe pembeni na mchaichai, asali badala ya jemu, matunda yakatwe mkifika na si kabla.

Toa hesabu, usiseme "vya kutosha". Kwa watu sita wazima, chapati 12 hadi 15, kutegemea ukubwa wake. Vitumbua vinne kwa mtu vinaliwa bila shida kama ni vidogo. Supu bakuli sita, na uulize nyama itakuwa kiasi gani kila bakuli, maana kuna supu ambayo ni mchuzi wa moto tu. Glasi moja ya juisi ya chungwa isiyoongezwa maji inakula machungwa matatu au manne, kwa hiyo glasi sita ni kama machungwa 20 au zaidi. Ni rahisi zaidi ununue mwenyewe jioni ile ukawaachie. Uliza pia juisi inakamuliwa kwa kifaa gani. Umeme ukikatika asubuhi, mashine ya kusagia haina kazi, na machungwa yanataka kamulio la mkono. Maparachichi chagua mwenyewe, ya kuiva kesho.

Kisha toa sehemu ya fedha palepale. Si kwa sababu ya kutoaminiana. Mama yule atakwenda sokoni jioni ile au alfajiri, na pengine hoteli haijampa cha kununulia vitu visivyo vya kawaida. Nusu ya gharama kwa lipa namba ya hoteli, au mkononi kwa risiti, inamaliza wasiwasi wa pande zote. Mkubaliane bei ya kila mtu ikiwa na vinywaji ndani yake, msije mkashangazwa na maji ya chupa na juisi vilivyoandikwa kando kwenye bili.

Saa nayo ni jambo, hasa Korogwe. Mji huu ni mji wa njia. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1902, na leo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inapita katikati yake. Mabasi yanayoondoka Dar es Salaam alfajiri hufika maeneo haya kuelekea adhuhuri, na yanayotoka Arusha alfajiri vilevile. Migahawa mikubwa ya kando ya barabara, kuanzia Segera mpaka ile ya Mombo ambayo abiria wote wanaijua kwa jina la Liverpool, imepangwa kwa ajili ya wimbi hilo: kuku na chipsi, wali, watu mia wanaokula kwa dakika 20. Saa mbili asubuhi wapishi wao wanamenya viazi vya mchana. Chai utapata, lakini akili ya jiko haiko kwako. Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, baadhi ya sehemu za barabarani zina shughuli hata alfajiri, na hiyo nayo ni chai ya msafiri, ya haraka, mguu mmoja ukiwa mlangoni. Kwa marafiki wanaotaka kukaa saa mbili wakiongea, ondokeni barabarani. Ingieni ndani ya mji, kwenye hoteli ya kulala iliyo na ua na miti, upande wa Manundu au Kilole, au popote ambapo honi za malori hazifiki.

Kaeni mezani saa tatu kasorobo. Kabla ya hapo waliolala wanawahi safari zao na wahudumu wanakimbizana. Baada ya saa nne jiko linageukia chakula cha mchana. Katikati hapo wahudumu wamepumua, na mkiomba chapati nyingine inasukumwa mpya. Jumapili itazameni kwa makini zaidi. Asubuhi wengi wako kanisani, wakiwemo wapishi, na baada ya ibada ya kwanza familia humiminika. Jumamosi ni bora. Siku ya gulio epukeni kabisa kama mnataka utulivu, ingawa ndiyo siku ya vitu vibichi kuliko zote. Wapo wanaonunua siku ya gulio jioni na kula kesho yake, na hao wamefikiri vizuri.

Handeni mambo ni tofauti, na nadhani ndipo mbinu hii inapolipa zaidi. Kutoka Korogwe mpaka Handeni mjini ni kilomita 65 za lami, kwa hiyo kundi lililolala Korogwe linaweza kwenda kunywa chai Handeni na kurudi bila kuchoka. Hoteli za kulala ni chache, na chache zaidi zina ukumbi wa kulia wa kujivunia. Lakini supu ya asubuhi ya Handeni ni ya kusafiria. Mbuzi wa hapa wanakula nyikani, na nyama yao haihitaji viungo vingi: chumvi, tangawizi kidogo, ndimu na pilipili mezani. Supu ya kweli huisha mapema. Ikifika saa tatu sufuria bado imejaa, jiulize kwa nini. Kama mwenyeji hana hakika pa kwenda, aulize madereva wa malori na walimu. Hao hula nje kila siku na hawarudii mahali palipowaudhi.

Tatizo la mahali penye supu nzuri ni kwamba mara nyingi pana benchi refu, moshi, na watu wanaosubiri nafasi yako huku wamesimama. Hapo ndipo nawashauri watu watenganishe chakula na mahali. Chakula kiagizwe kwa mama lishe anayekijua, mahali pawe pengine: ua wa hoteli mliyolala, baraza ya nyumba ya mwenyeji, hata chini ya mwembe mkubwa shambani kwake. Hakuna sheria inayosema hadhi inapatikana chini ya paa la mkahawa. Meza mbili zilizounganishwa, vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi, jagi na beseni la maji ya uvuguvugu ya kunawia, vikombe vya kauri vilivyoazimwa kwa shangazi, na mama lishe amelipwa vizuri aje na jiko lake la mkaa asukume chapati palepale huku mnaongea. Nasema amelipwa vizuri kwa kukusudia. Asubuhi ile anaacha wateja wake wa kila siku, na baadhi yao wakizoea kwingine hawarudi. Mlipeni anachopata kwa asubuhi nzima, ndipo muongeze bei ya chakula chenu. Hapo mtakuwa mmemtendea haki, na gharama yote bado itakuwa chini ya meza ya hoteli ya kifahari jijini.

Kwa mpango huo asali ya Handeni ipate nafasi yake. Inunuliwe kwa mfugaji nyuki unayemjua au kwenye kikundi kinachochuja vizuri, kwa sababu ya barabarani kwenye chupa za maji mara nyingine huongezwa sukari. Viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha ichovywe asali, kando yake mtindi wa baridi: sijaona mgeni aliyekataa.

Kuhusu fedha kati ya marafiki, semeni mapema. Kwetu aliyealika ndiye mwenye kulipa, na mgeni kutoa pochi mbele ya mwenyeji ni kumuaibisha. Lakini kundi la wanane si mgeni mmoja, na kumwachia mtu mmoja mzigo wote kunamfanya asialike tena. Njia nzuri ni mchango wa siku mbili kabla: mmoja achaguliwe kuwa mweka hazina, kila mtu atume kiasi kilekile kwa simu, na kinachobaki kiwe asante ya mpishi na wahudumu. Aliye na hali ngumu mwezi huo azungumze na mweka hazina peke yake, na mweka hazina afunge mdomo. Asubuhi mezani pasitajwe fedha kabisa. Mweka hazina ainuke kimya wengine wakiendelea kunywa, akalipe, achukue risiti ya mashine, arudi akae.

Ulizeni pia nani anakula nini, na msiulize mezani. Kundi la Korogwe na Handeni lina Waislamu na Wakristo, na mwenyeji mwenye busara hapeleki kundi la namna hiyo mahali panapouza kitimoto hata kama ni jiko la pembeni. Kuku na mbuzi wachinjwe kwa namna ambayo kila mmoja anaweza kula. Katika wilaya hizi hilo ni la kawaida, kuuliza kunatosha. Mwenye kisukari apate chai isiyotiwa sukari jikoni, kwa kuwa chai ya maziwa ya hotelini mara nyingi hutiwa sukari sufuriani. Agizeni yote isiyo na sukari, kila mtu atie yake. Mwenye shinikizo la damu atashukuru supu ikija na chumvi pembeni. Watoto wapikiwe uji wa ulezi na waketi karibu na bustani, si katikati ya watu wazima. Na mwezi wa Ramadhani uacheni mpango huu. Sehemu nyingi zinafungwa asubuhi au zinashusha mapazia, na kumwalika rafiki aliyefunga aje awatazame si jambo jema. Pangeni futari ya pamoja badala yake. Mbinu ni ileile, ila maandalizi ya usiku yanahamia alasiri, na meza inapata tambi, magimbi ya nazi na uji wa pilipilimanga.

Wapo ambao baada ya yote haya watasema bado wanataka jiji, bahari, na mhudumu mwenye tai. Ni haki yao, na jiji liko karibu. Tanga, iliyopata hadhi ya jiji mwaka 2005, inakaribia kilomita 100 kutoka Korogwe kwa njia ya Segera na Muheza. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa mbili na nusu mtakuwa mmefika, kama dereva anaheshimu vibao vya 50 vijijini, na aviheshimu, kwa sababu askari wa usalama barabarani wameshaamka. Wa Handeni wana njia mbili, kupitia Korogwe au kuteremkia Mkata kisha Segera, na watoke saa kumi na moja na nusu.

Njiani mtapita mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Mmea huo uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Vilifika hai vichipukizi 62 tu, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka hapo likazaliwa zao lililojenga mkoa huu. Ndilo lililoipa jina Hoteli ya Mkonge pale Raskazone, ng'ambo ya maji kutoka kisiwa cha Toten, na kwa kundi linalotaka utulivu, miti mikubwa na upepo wa ghuba, mimi hapo ndipo ningeanzia kuulizia. Anayependa hoteli mpya zaidi, yenye bwawa la kuogelea, aulizie Tanga Beach Resort. Kote hapigi hatua mtu kabla ya kupiga simu jana yake: bufee ya kifungua kinywa iko kesho, au wageni ni wachache hivyo watu wanaletewa sahani tu? Asiyelala anatozwa kiasi gani? Mwisho wa kula ni saa ngapi? Kuna mkutano? Semina ya watu 100 ikiwa imelala pale, asubuhi yenu itakuwa foleni ya mayai, na afadhali mngebaki Korogwe.

Mkiwa Tanga, nawaomba msimalize tumbo lote hotelini. Kuleni matunda, mayai, kahawa. Kisha nendeni Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, mkatafute mbaazi za nazi na mahamri vya moto. Hoteli chache zinaweza kupika mbaazi kama mama aliyezipika miaka mingi kwenye kibaraza kilekile. Ni lazima iwe kabla ya saa nne, maana sufuria ni moja na haliongezwi. Ukitaka mbaazi bila kukosa, mtu wa Tanga unayemfahamu apite jioni iliyotangulia awaambie mtakuja wangapi.

Kuna safari ya tatu ambayo watu wa Korogwe huisahau kwa sababu iko juu ya vichwa vyao. Lushoto. Mnakwenda Mombo, mnapanda kilomita zipatazo 33 za kona kupitia Soni, na hewa inabadilika kabisa. Kule Irente, shamba la Kanisa la Kilutheri linatengeneza mkate mweusi, jibini na jemu za matunda ya palepale, na wanaoketi pale nje kwenye majani wanakula kitu ambacho hoteli kubwa za Dar es Salaam huagiza kutoka ng'ambo. Wamisionari Wabenediktini wa Sakharani, karibu na Soni, wana karanga za makadamia. Hii si chai ya saa mbili. Itakuwa saa nne au tano, kwa hiyo kila mtu apate uji kabla ya kuondoka. Pigeni simu siku mbili kabla, semeni idadi, bebeni masweta hata kama Korogwe mlikuwa mnatoka jasho. Anayesumbuliwa na kichefuchefu akae kiti cha mbele, na atakachokula pale Mombo kabla ya kupanda kiwe kikavu: kipande cha muhogo wa kuchemsha, bila maziwa.